Damu Isiyo na Upande

Si zamani sana. Wapo kati yenu ambao bando walilonunua siku ile bado halijaisha. Palikuwa na nchi isiyo na jina. Iliwahi kuwa nalo, zuri tu, la silabi nne, lakini siku moja wananchi waliombwa walithibitishe kwenye Ubao, nusu wakalipenda, nusu wakalichukia. Kwa kuwa serikali yao ilikuwa sikivu kupita kiasi, ikaamua nchi ikae bila jina hadi watu watakapoelewana. Kwa hiyo msomaji ukiniuliza ni nchi gani, nakwambia kweli kabisa, sijui. Wenyewe hawajui.

Ubao ulikuwa mtandao wao, ule wa kwenye simu. Kila habari iliyobandikwa pale ilikuwa na alama mbili chini yake: dole gumba lililosimama, la mtu anayependa, na ngumi iliyokunjwa, ya mtu anayechukia. Alama ya tatu haikuwepo. Mhandisi aliyeubuni Ubao aliwahi kuulizwa, akajibu kwamba ya tatu ingekula chaji.

Mambo yote yalianzia kwenye picha ya Rais akinywa chai. Alikuwa ameimimina kwenye kisosi ili ipoe, kama babu yeyote anavyofanya, na kisosi kilikuwa na maua ya bluu. Nusu ya nchi ikaona kiongozi asiye na makuu, ikaweka dole. Nusu nyingine ikaona taifa limevuliwa nguo mbele ya mataifa, ikaweka ngumi. Ndani ya wiki moja watu wa dole walikuwa wakiitwa Wadole na watu wa ngumi wakiitwa Wangumi, na Bunge likapitisha sheria kwamba alama aliyoiweka mtu siku ya kisosi haifutiki, haiuzwi, wala hairithiwi na mtoto hadi Ubao uamue.

Chausiku alikuwa Mdole. Angependa kuwaeleza watu ilivyokuwa, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku ya kisosi alikuwa ananyonyesha. Mwanaidi alikuwa na miezi mitano, ananyonya huku anapiga mateke, na simu ilikuwa inateleza kwenye paja. Chausiku aliidaka kwa mkono mmoja, na dole lake likatua palipotua. Picha yenyewe hakuwa ameiona vizuri.

Mume wake, Matano, alikuwa Mngumi. Asubuhi ile alikuwa amejigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, akafungua simu na hasira zake.

Basi wakawa Nyumba Mseto. Kwa mujibu wa Kanuni za Nyumba Mseto, mjumbe alikuja na chaki akapiga mstari katikati ya chumba chao, ukapita juu ya mkeka, ukapanda kitandani, ukagawa godoro, ukashuka ng'ambo ya pili. Kila Ijumaa alirudi kuukagua na kuutia upya pale ulipofutika, na ulikuwa ukifutika sana upande wa kitandani.

"Mngumi, nipe chumvi," Chausiku angesema wakila.

"Mdole, ifuate mpakani."

"Baba Mwanaidi, nitakuja kukumwagia mchuzi huo."

"Huo utakuwa uvamizi, mama. Nitaripoti."

Walicheka kwa kuziba midomo, maana jirani alikuwa na masikio. Mwanaidi, ambaye sasa alikuwa anakaribia miaka minne, aliuruka ule mstari kwa mguu mmoja kutwa nzima akijiimbia. Yeye hakuwa na upande. Kura ya kumpatia upande ilikuwa imeombwa, na faili lake lilikuwa linashughulikiwa.

*

Nje ya chumba kile watu walikuwa wanakatana.

Nasema hivi bila kutia chumvi, kwa sababu serikali yenyewe ilikiri. Wangumi wakimkamata Mdole walimkata dole gumba, ili asipende tena kitu. Wadole wakimkamata Mngumi waliulaza mkono wake juu ya kinu wakautwanga, ili asikunje tena ngumi. Kila upande uliona adhabu ya wenzao ni ya kishenzi. Asubuhi wafagiaji wa barabara waliokota madole wakayapeleka hospitali ya wilaya, yakawekwa kwenye beseni na kufunikwa kawa, yakisubiri wenyewe. Pembeni palibandikwa tangazo: JE, HILI NI LAKO? NJOO NA KITAMBULISHO.

Waziri wa Maelewano alipita wilayani kukagua hali. Alikuja na magari kumi na moja, akasimama juu ya mojawapo.

"Ndugu wananchi," alisema, "takwimu zinaonyesha kwamba maelewano yamepanda kwa asilimia mia moja. Wadole wanaelewana na Wadole kuliko wakati wowote tangu tujitawale. Wangumi vilevile. Hizi vurugu mnazozisikia ni baina ya watu wasiosalimiana, na watu wasiosalimiana, ndugu zangu, huwezi kusema wamekosana."

Watu wakapiga makofi, isipokuwa wale ambao mikono yao haikuwa tayari.

*

Chausiku alikuwa karani wa damu katika hospitali ile. Kazi yake ilikuwa kumpa mchangiaji fomu, kusubiri mfuko utoke chumba cha pili, kisha kuubandika karatasi na kuandika. Alikuwa ameipata kazi hiyo baada ya kusoma masomo ya jioni na mtoto mgongoni, na aliipenda. Alipenda hasa namna mfuko unavyokuja bado una joto.

Zamani fomu ilikuwa na swali moja la huruma: Damu yangu apewe nani? Palikuwa na visanduku vitatu: Mwenzangu, Mwenzangu kwanza, na Yeyote. Katika mwaka mzima wa vurugu, watu elfu mbili na mia nne walichangia, na katika kisanduku cha Yeyote hapakuwa na alama hata moja. Wizara ikakiondoa ili kuokoa karatasi.

Kisha ukaja Waraka Namba Tisa. Karatasi ya kubandika kwenye mfuko ilikuwa na nafasi moja tu ya kuandika, na nafasi hiyo siku zote iliandikwa kundi la damu. Sasa ilitakiwa iandikwe upande. Daktari Lwitiko, ambaye ndiye aliyekuwa mganga mfawidhi, aliandika barua kuuliza kundi liandikwe wapi. Alijibiwa kwamba makundi hayo ya A, B na O hayatambuliki kwenye Ubao, hayana mwenyekiti wala ofisi, na hospitali iache kuendekeza vikundi visivyosajiliwa.

Wiki ya kwanza wagonjwa sita walifariki kwa kuongezewa damu ya wenzao wapendwa isiyowafaa. Kila upande ukatangaza kwamba wamelogwa na upande wa pili, na wengine kumi na wanne wakauawa kwa kulipiza. Kuanzia hapo, Chausiku akawa anaandika kundi kwa penseli kwenye pindo la mfuko, kwa herufi ndogo kama chawa. Hakumwambia mtu, na vifo vile vikakoma. Wizara ikaupongeza Waraka Namba Tisa.

Friji za damu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na kufuli na askari wa upande wake. Askari wale walikaa wakitazamana kutwa. Walikuwa watoto wa mama mmoja na baba mmoja, lakini hayo hayakuwa yakitajwa kazini.

*

Jumanne moja, kama saa nne asubuhi, mwanamke mmoja alibandika kwenye Ubao picha ya wali wake wa nazi. Wadole wakauwekea dole. Wangumi, ambao wengi wao walikuwa wanakula wali wa nazi wakati huohuo, ikabidi waweke ngumi. Saa nne na nusu maandamano mawili yalikutana penye njia panda ya sokoni.

Wangumi waliongozwa na Mama Hongera, ambaye kabla ya kisosi alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa na mwiko wake uleule wa kusongea ugali wa watoto mia tatu, ila sasa ulikuwa umepigiliwa misumari. Wadole waliongozwa na Bwana Ndonya, aliyekuwa muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti laini aliyekuwa hawezi kuona damu bila kukaa chini. Alikuwa amejizoeza.

Hawakuongea. Walipigana kwa mapanga, kwa mipini ya majembe, kwa mafuta ya moto yaliyotolewa kwenye karai la mama wa chipsi bila idhini yake. Mzee mmoja alipigwa rungu kwa sababu hakutaka kutaja upande wake, na alipoutaja akapigwa na wale wengine. Wengi walishika panga mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Kuna waliokatwa wakiwa wanasoma maoni.

Matano alikuwa anampeleka Mwanaidi kusukwa. Aliposikia kelele alimbeba na kukata kona, lakini chupa ikaja kutoka ambako hakuona, ikapasukia ukutani, na kipande kikazama paja la mtoto. Mtoto hakulia. Alitazama mguu wake kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake. Damu ilitoka kwa kuruka, kwa mapigo.

Matano alivua shati akafunga, akakimbia. Penye kizuizi cha kwanza walimdai simu waone upande wake. Aliwarushia, na wao walipoanza kugombania nani aipekue, akapita. Penye kizuizi cha pili hakuwa na cha kurusha. Alipita hivyohivyo, akachapwa mgongoni kwa bapa la panga na watu wa upande wake mwenyewe.

Chausiku alikuwa mezani kwake. Aliwasikia manesi wakipiga kelele, "Pisheni, pisheni," akainua kichwa kwa huruma ile ya kila siku kwa mtoto wa mtu. Kisha akaona nywele. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifumua asubuhi ile, zikawa zimesimama huku na huku.

*

"Kashonwa," alisema Daktari Lwitiko akitoka, "mshipa nimeuziba. Lakini damu imekwisha mwilini, dada Chausiku. Weupe wa kucha uliouona si wa kawaida. Anahitaji kuongezewa sasa hivi."

"Mwongezee, Daktari."

"Upande gani?"

"Hana upande bado. Faili liko wilayani."

Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Friji ya Dole haitoi kwa asiye Mdole. Friji ya Ngumi haitoi kwa asiye Mngumi. Unajua utaratibu."

"Daktari, ni mwanangu."

"Ndiyo maana nasema unaujua."

"Kura ya upande inachukua siku ngapi?" aliuliza Matano. Alikuwa kifua wazi, damu ya mtoto imemkaukia tumboni.

"Siku saba za kazi. Ikiwa hakuna pingamizi."

"Na yeye ana muda gani?"

Daktari alitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imesimama tangu mwaka wa kisosi. "Saa moja," alisema. "Nikisema sana."

"Basi nitoeni mimi. Mimi baba yake. Si mnaweza kunitoa mimi?"

Walimpima, na damu yake ikawa sawa na ya mtoto, tone kwa tone. Ya Chausiku haikukubali. Wakamlaza Matano, mfuko ukajaa, nao ukaletwa mezani kwa karani wa damu ubandikwe na kuandikwa kama mifuko mingine yote.

Chausiku aliushika. Ulikuwa na joto na uzito wa kitoto kilichozaliwa kabla ya siku zake. Akiandika NGUMI, utaingia friji ya Wangumi, ufungiwe kufuli, umbali wa hatua nne kutoka alipolala Mwanaidi. Akiandika DOLE, utaingia friji ya pili, na atakuwa amesema uongo, na mtoto bado hatapata. Askari wawili walikuwa wameshaanza kushika funguo zao. Alishika kalamu muda mrefu kuliko alivyowahi kuishika, hata kwenye mitihani. Kisha akaiweka chini.

Alibandika karatasi tupu. Akaukumbatia mfuko ndani ya kanga, kifuani, akainuka.

"Nini hicho, Mdole?" aliuliza askari wa Ngumi.

"Maziwa ya mtoto."

"Mbona unatembea hivyo?"

"Ya moto."

Chumbani, Daktari Lwitiko aliupokea mfuko akaugeuza, akaiona karatasi ile nyeupe isiyo na neno. Alivua miwani akaitia mfukoni.

"Bila miwani sioni kilichoandikwa hapa," alisema. "Nesi, wewe unaona?"

"Mimi nina mafua, Daktari," alisema nesi, akautundika.

*

Kucha za Mwanaidi zilianza kurudi rangi, na hapo ndipo alipoingia Bwana Telesphori, Mkaguzi wa Pande wa wilaya, kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni na kamba ya kupimia umbali kati ya vitanda. Alipima vitanda viwili, akafika cha tatu, akainua macho.

"Mama, hii damu ya nani?"

"Ya baba yake."

"Sikuuliza ukoo. Nimeuliza upande."

Chausiku alimfunika mtoto shuka hadi kidevuni.

"Mama, naomba unielewe kwa moyo mkunjufu. Mimi binafsi sina tatizo na damu. Lakini jaribu kufikiri kitaifa. Leo mfuko mmoja hauna upande, kesho mifuko miwili, keshokutwa mtu anatembea barabarani na hujui umpige au umpishe. Nchi itakalika?"

"Bwana mkaguzi, subiri iishe. Imebaki nusu."

"Nakupenda kama dada yangu," alisema Telesphori, akapiga picha, akaibandika kwenye Ubao.

Maneno aliyoyaweka chini ya picha yalikuwa mafupi: Damu isiyo na upande, hospitali ya wilaya, muda huu.

Kwa dakika nzima nchi ilikaa kimya. Watu hawakujua waguse nini. Kisha Wangumi wakaweka ngumi, maana yake wanaichukia damu ile. Wadole wakaweka dole, maana yake wanapenda iadhibiwe. Kwa mara ya kwanza tangu kisosi, alama mbili zikasema kitu kimoja. Saa sita na robo Waziri wa Maelewano alitoa taarifa kwa vyombo vya habari, sauti ikimtetemeka kwa furaha, kwamba umoja wa kitaifa umepatikana, na akaomba siku ile iwe ya mapumziko kila mwaka.

Pale njia panda ya sokoni mapigano yalikatika. Mama Hongera akaushusha mwiko wake. Bwana Ndonya akapangusa panga kwenye suruali. Walipeana mikono juu ya maiti ya mtu aliyekuwa fundi baiskeli wa wote wawili. Wafuasi wao wakakumbatiana wakilia. Kisha wote kwa pamoja, kama watu elfu moja, wakageuka kuelekea hospitali.

*

Matano aliburuta benchi la chuma akaziba mlango wa wodi, akasimama mbele yake. Miguu ilikuwa inamcheza, maana alikuwa ametoa damu bila hata kunywa soda. Chausiku alisimama pembeni yake, jalada lake la kazini mkononi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kushika.

Walijaa ukumbini. Mbele, Mama Hongera na Bwana Ndonya walikuwa bado wameshikana mikono.

"Habari za kazi, mwanangu," alisema Mama Hongera. Alikuwa na adabu siku zote. "Tumeambiwa kuna mfuko."

"Shikamoo, mama. Upo, lakini umekwisha."

"Umekwisha kwenda wapi?"

"Kwa mtoto."

Minong'ono ikapita nyuma. Bwana Ndonya alisogea. "Pole, dada. Itabidi itoke."

"Itatoka vipi, kaka?"

"Kwa njia iliyoingilia. Na kama njia hiyo imeshashonwa, itafunguliwa."

"Ana miaka mitatu," alisema Matano. "Mama Hongera, wewe umepika uji wa watoto miaka ishirini. Huyu ana miaka mitatu."

"Najua, baba. Na uji ningempa," alisema Mama Hongera. "Damu ndiyo siwezi kumwachia." Akainua mwiko, na misumari ilikuwa na nywele za mtu.

 Midomo ya Chausiku ilifunguka bila kujua itasema nini, na yaliyotoka ni maneno aliyoyasema kila siku ya kazi, kwa sauti ileile ya dirishani.

"Nani atasaini?"

Wakamtazama.

"Damu haiingii wala haitoki hospitali hii bila fomu," alisema. Akafungua jalada. Akaiweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. "Hapa pameandikwa: upande unaoitoa. Mimi karani, lazima niandike. Niandike damu hii inatolewa mwilini na nani?"

"Andika Ngumi," alisema Mama Hongera.

"Samahani, mama," alisema Bwana Ndonya kwa sauti yake laini. "Huyu karani ni Mdole. Msaliti wa Wadole anaadhibiwa na Wadole. Andika Dole."

"Damu ni ya nani? Si ya huyu mumewe? Si Mngumi huyu? Damu yetu tunaitoa wenyewe."

"Lakini aliyeificha ni wetu."

"Ndonya, usinianze."

"Mimi nafuata fomu tu, mama."

"Nafasi ni moja," alisema Chausiku. "Siwezi kuandika pande mbili. Waraka Namba Tisa."

Nyuma huko watu walikuwa wameshaanza kuulizana nani atasifiwa kwenye Ubao jioni. Mtu akasema Wangumi wanataka kuiba ushindi. Mwingine akasema tangu lini Wadole wakawa na uchungu na nchi. Kisha wakaanza kubishana adhabu ya Matano iwe ipi, dole au kinu, kwa kuwa hakuna sheria ya msaliti wa kati. Bwana Ndonya aliachia mkono wa Mama Hongera. Mama Hongera aliufuta ule mkono kwenye gauni lake, na hilo ndilo Ndonya hakuweza kulivumilia.

Panga lake lilishuka begani kwa mama yule. Mwiko ukazunguka ukamkuta Ndonya tumboni.

Sitawaeleza yote, kwa sababu nina moyo. Umoja wa kitaifa ulikuwa umedumu dakika arobaini na tatu. Walikatana ukumbini, wakakatana kwenye ngazi, wakatwangana kwa stendi za dripu na mabeseni ya choo. Wadole walivunja friji ya Wangumi na Wangumi wakavunja friji ya Wadole, na ile mifuko mia moja na ushee ikapasuka, damu ikashuka kwenye sakafu ya mteremko ikachanganyika bila kibali, watu wakateleza wakaangukiana ndani yake. Wale askari wawili wa friji waliuana. Mmoja alimwita mwenzake "kaka" mwishoni. Shahidi hakumbuki ni yupi.

Mlango wa wodi haukufunguka. Matano alikuwa ameubana kwa mgongo, mikono ameitanua. Panga lililokusudiwa kwa mtu mwingine lilipita likamchukua vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, vile ambavyo havikuwa na upande wowote.

*

Kulipotulia, waliokuwa na miguu walikuwa wamekimbia, na waliobaki walikuwa sitini na saba, chini. Telesphori alikuwa amejificha ndani ya kabati la mashuka na kamba yake ya kupimia.

Mwanaidi aliamka saa tisa. Alimtazama baba yake aliyekaa kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji.

"Baba, vidole vingine umeviweka wapi?"

"Vimepotea, mama."

"Tukavitafute?"

"Acha tu. Hivi vilivyobaki vinatosha kukusuka."

"Hujui kusuka wewe," alisema mtoto, akalala tena, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka vizuri. Chausiku aliuweka mkono juu yake akahesabu pumzi ishirini, halafu akahesabu tena, kwa raha tu.

Daktari Lwitiko alimwita kutoka mlangoni. Gauni lake la upasuaji lilikuwa jekundu hadi kwenye viwiko.

"Mama Hongera anakwenda," alisema. "Nimepima kila aliyesimama humu ndani. Anayefanana naye damu ni wewe peke yako. Sikulazimishi, dada. Kwa kweli hata sikuombi. Nakwambia tu."

Chausiku alimtazama mtoto wake. Aliiona tena akilini ile misumari ikiwa juu. Alikaa hivyo muda mrefu, na nitakuwa mwongo nikisema hakutamani kuendelea kukaa. Kisha alikunja mkono wa blauzi.

Mfuko ulipojaa aliubeba mwenyewe, na karatasi yake, na kalamu. Mama Hongera alikuwa amelazwa kwenye meza ya dirishani, uso umekuwa rangi ya majivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetwangwa na Wadole, umevimba kama mhogo.

"Hiyo ya upande gani?" aliuliza.

"Yangu."

"Mbona karatasi haina kitu?"

"Sijaandika. Kalamu hii hapa, andika mwenyewe utakacho."

Mama yule aliutazama mkono wake. Vidole havikumsikia. Aliitazama karatasi, akautazama mfuko, akafumba macho kwa muda hata Chausiku akadhani ndio basi.

"Ukiandika Dole, sitaitaka," alisema hatimaye, kwa kukatakata. "Ukiandika Ngumi, nitajua umenidanganya."

"Kwa hiyo, mama?"

"Kwa hiyo iache hivyo. Na ufunge dirisha, wasije wakapiga picha."

Chausiku alifunga dirisha, akautundika mfuko, akaifungulia damu. Alikuwa anaupangusa mkono wa yule mama kwa pamba aliposikia mtu anakohoa nyuma yake. Kwenye machela iliyofuata Bwana Ndonya alikuwa ameinua kichwa, tumbo limefungwa shuka. Aliitazama damu ikishuka kwenye mrija, safari hii bila kugeuza uso, kisha akauliza kwa ile sauti yake laini kama foleni ya damu hiyo ni ndefu.